Siku Niliyokaa Benchi Moja na Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili tuelewane. Nimeshuka shimo la dhahabu kwa kamba nikiwa sijaota ndevu, nimefukiwa na kifusi, wakanifukua, nikanywa uji nikarudi chini siku ileile. Nimefanya biashara Sirari mpakani, ambako mtu anakusalimia kwa Kiswahili cha Kenya, anakuhesabia pesa za Tanzania na kukuibia kwa lugha zote mbili. Shule niliiacha darasa la nne. Leo wenye digrii zao wanakuja kwangu Bomani, hapa Tarime, kupiga hodi, kwa sababu mimi ndiye mwenye viti.

Viti, maturubai, jenereta, spika. Harusi ni mimi, msiba ni mimi, mahafali ni mimi. Toka Tarime mpaka ndani huko Serengeti, ukiona turubai jeupe lenye pindo la buluu ambalo halijachanika, ujue ni langu. Kuna mwenzangu mmoja naye ana maturubai meupe. Tazama pindo.

Sasa nieleze habari ya gitaa. Lakini gitaa halitaeleweka kabla sijaeleza soni.

Mke wangu ni Mngoreme wa Nyansurura, mimi ni Mkurya. Lugha zetu ni ndugu, na jambo moja tunalishika sawasawa: mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai pamoja. Ukimwona anakuja njia uliyopo, unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Hiyo ndiyo soni. Watumishi wanaoletwa kwetu kutoka mikoa mingine wakisikia wanacheka, wanadhani tunachukiana. Hatuchukiani. Ni heshima, tena nzito, na mtu akiivunja anajulikana kijiji kizima kabla jua halijazama. Tangu nimwoe binti yake, mama yule nilikuwa nimeuona mgongo wake tu.

Mwaka huo wa gitaa macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alibaki anaona mavuli. Alikuwa anapalilia kwa kupapasa, na siku moja alipapasa akang'oa mtama wake mwenyewe, mstari mzima, akaacha magugu. Mke wangu aliposimuliwa hilo alilia mpaka chakula kikapoa.

Ndipo wakaja madaktari wa macho kutoka Hispania, wakapiga kambi Kenyamonta. Walipima watu bure. Wale wa kupasuliwa walitakiwa waje Tarime wiki inayofuata, jicho moja kwanza, kisha wakae mjini wiki kadhaa karibu na hospitali wawekewe dawa na kukaguliwa. Mama mkwe akapimwa. Daktari, mama mmoja mwembamba, akamwambia ataona. Mama mkwe akashukuru sana, akakataa.

Mke wangu alinipigia simu akiwa hukohuko.

"Amekataa, Baba Watoto. Anasema afadhali afe kipofu Nyansurura."

"Kwa nini? Si atakaa kwetu? Nyumba ile haimtoshi?"

"Hasemi kwa nini. Anasema hapana, basi."

Mimi nikajua kwa nini. Au nilidhani najua. Nilipokwenda kuchumbia nilikuwa mchimbaji tu, shati moja, kucha zimejaa udongo wa shimoni, na nilisikia baadaye kwamba mama alisema binti yake anapewa fuko, yule mnyama anayeishi kwa kuchimba chini. Sasa fuko ana nyumba ya vigae, ndiyo maana hataki kuiona. Ndivyo nilivyojiambia, na iliniuma kuliko nilivyomwonyesha mke wangu. Maana kama mama angebaki kipofu kwa sababu yangu, nyumba yangu isingekuwa na amani tena. Mke wangu hakusema hivyo. Hakuwa na haja ya kusema.

Basi, yule daktari alikuwa amekuja na mumewe, na mumewe ni mpiga gitaa. Anapiga mtindo wa kwao unaitwa flamenko. Akasema kwa kuwa watu walimpokea vizuri, atawapigia bure jioni ya mwisho, saa kumi, katika ukumbi wa kanisa. Wakanipigia mimi. Nikapakia viti kwenye lori, nikapakia na spika zangu kubwa, zile mbili zinazosimama kama walinzi, nikaja Kenyamonta mwenyewe. Kwa kazi ya wageni wa nje situmi dereva.

Nilipozipanga, yule Mhispania alikuja akazizunguka, akazigonga kidogo kwa kidole, akasema neno kwa nesi. Nesi huyo ni binti wa Singida aliyeletwa kufanya kazi kwetu, ndiye aliyekuwa akitafsiri Kiingereza chao.

"Anasema hapana, asante."

"Hapana nini?"

"Spika. Hatazitumia."

"Mwambie za leo silipishi."

Akamwambia. Yule mtu akacheka, akanishika bega, akazungumza maneno marefu.

"Anasema ni spika nzuri kuliko alizonazo kwao. Ila gitaa hili halipendi kupitia kwenye waya. Watu wakae karibu, wasipige soga, watamsikia."

"Watu wa Kenyamonta wasipige soga? Mwambie hata padri ameshindwa."

Sikupendezwa, nakwambia. Mwanamuziki anayekataa spika ni sawa na mkulima anayekataa mvua. Nikamtazama vizuri. Mtu mzima wa makamo kama mimi, mfupi, tumbo la kawaida. Lakini mkono wa kulia! Kucha ndefu, zimepakwa gundi zikawa ngumu kama pembe, naye anazisugua kwa kipande cha msasa, taratibu, kama fundi seremala. Mkono wa kushoto kucha zimekatwa mpaka nyama. Wazee nyuma yangu walikuwa wamekwisha kuliona hilo.

"Huyo hajawahi kukamua ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Ugali wenyewe anaukandaje?"

"Analishwa na daktari."

Ukumbi ukajaa. Viti vyangu vikajaa, mabenchi yakajaa, watoto wakakaa sakafuni mbele mpaka karibu na miguu ya mpigaji, watu wengine wakaegemea madirisha kwa nje. Mimi nilikaa benchi la mbele, pembeni kabisa ukutani, karibu na soketi, maana nilikuwa na hakika mgeni atabadili mawazo dakika ya tano na kuniita. Mke wangu alikuwa nje kwenye foleni ya dawa za mama yake.

Nesi akaja akimshika mkono mwanamke mzee.

"Baba, sogea kidogo, bibi akae."

Nikasogea. Mtu anasogea bila kufikiri. Bibi akageuka ili aketi, akanipa mgongo, na hapo nikamtambua.

Nikasema nisimame. Nisimame niende wapi? Kulia ukuta, kushoto yeye, mbele watoto wamebanana kama dagaa. Kutoka ningelazimika kupita juu ya magoti yake. Nesi amekwisha kuondoka, na hata angekuwepo ningemwambia nini binti wa Singida kwa haraka ile? Nikageuza uso ukutani. Jasho likaanza kunitoka kwenye magoti. Sikujua kwamba magoti yanatoa jasho.

"Nani yuko hapa?" mama mkwe akauliza. Kingoreme chake ni kizuri, cha zamani. Mimi nakigeuza tu Kiswahili ili usome.

Nikanyamaza.

"Mura, umekufa?"

Kwetu mura ni kijana. Nina miaka hamsini na kidogo, kipara kimeshaanza.

"Nipo, mama," nikanong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Koo."

"Pole. Wewe Mkurya. Wa Tarime, nausikia ulimi."

"Ndiyo, mama."

"Basi nisimulie. Leo wamenimwagia dawa machoni, hata mavuli yangu yamekwenda."

Nesi akasimama mbele akasema mgeni anaomba watu wasizungumze, lakini kwao mtu akiguswa na muziki si vibaya kupaza sauti. Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Tukipiga kelele atajuaje kama tumeguswa au tumechoka?" Watu wakacheka, nesi akatafsiri, Mhispania naye akacheka akajibu, "Nitajua."

Kisha akaanza.

Nimesikia litungu tangu utoto, nyuzi nane, na mpigaji mzuri wa litungu anaweza kukutoa pesa mfukoni hujui mkono umeingia saa ngapi. Nimesikia magitaa ya bendi, ya dansi, ya kwaya. Nilikuwa najua gitaa ni nini. Sasa mtu huyu akaliweka gitaa juu kifuani kama anayebembeleza mtoto mwenye homa, na mkono ule wenye kucha ukafunguka. Sauti ikatoka nyingi kwa pamoja. Nikatazama kama kuna mwingine nyuma ya pazia. Hakuna.

"Wako wangapi?" mama mkwe akauliza.

"Mmoja."

"Usinidanganye kwa kuwa sioni."

"Mmoja, mama. Haki ya Mungu."

"Anafanyaje?"

Nikatafuta maneno. "Unavyonawa mikono, ukakosa kitambaa, ukakung'uta maji kwa vidole? Ndivyo anavyofanya. Vidole vinatoka kimoja kimoja, lakini haraka. Na kila kidole kinagonga nyuzi zote."

"Na hiyo ngoma?"

"Hakuna ngoma. Anapiga ubao wa gitaa kwa kidole, hapohapo, hajaacha nyuzi."

"Na kidole gumba?"

"Gumba linakwenda peke yake huko chini. Kama la mpiga litungu."

"Eeh," akasema, akaridhika. "Basi ni mtu wa watu huyo."

Wimbo ulipokatika, ghafla, kama mlango uliofungwa na upepo, wazee wale wale wa ng'ombe wakaruka juu wakipiga kelele za kwetu. Mgeni akacheka kwa furaha, akafuta jasho. Akaanza kukaza nyuzi, na mama mkwe akaanza maongezi.

"Na wewe umekuja kupimwa?"

"Hapana. Nimeleta viti." Nikajilaumu papo hapo, lakini hakushtuka.

"Mimi wamesema nitaona. Ila niende Tarime nikakae huko. Sina mtu Tarime. Nina mkwe tu."

"Mkwe si mtu?"

"Ni mtu, tena mwenye mali. Anajisifu kama jogoo aliyedhani jua linatoka kwa ajili yake, lakini binti yangu hajalala njaa hata siku moja. Namwombea." Akashusha sauti. "Shida ni nyumba yake."

"Ina nini?"

"Binti amenieleza, maana anadhani nafurahi. Mlango mmoja tu wa kuingilia. Sebule katikati. Na choo, mura, choo kiko ndani! Ndani ya nyumba, unapita sebuleni ndipo ukifikie. Na mkwe jioni yuko sebuleni na televisheni. Sasa mimi usiku tumbo likinikata nipite wapi? Nimpite mkwe wangu nikiwa nimejifunga kanga moja, nikienda chooni, naye anasikia? Afadhali giza."

Nikatazama ukuta. Choo kile nilikileta kwa lori kutoka Mwanza, nimekifungulia mlango mbele ya wageni wangapi. "Umemwambia binti yako?"

"Nimwambie nini? Kwamba nyumba ya mumewe imejengwa vibaya? Yule mkwe atasema namdharau. Kuna neno la fuko nililolisema zamani kwa mzaha, nasikia bado analo tumboni."

Nikazitazama kucha zangu. Zilikuwa safi.

Nesi akasimama tena. "Anasema wimbo huu haukuanzia ukumbini. Kwao kuna watu waliokuwa wakichimba madini chini ya ardhi. Wao ndio walioimba hivi. Babu yake alikuwa mmoja wao."

Akapiga. Ulikuwa wimbo wa polepole. Anagusa, anaacha, anagusa tena pembeni ya pale ulipotegemea. Nyuzi nyingine zilikuwa kama zinagombana, kisha zinaelewana, kisha hapana. Hakukuwa na kuhesabu. Mguu wangu ulitafuta mahali pa kugonga ukakosa.

"Huu siuelewi," mama mkwe akasema. "Mbona anasimamasimama?"

Mimi niliuelewa. Niliuelewa wote. Nywele za mikono zilinisimama, nami nikasahau koo, nikasahau kunong'ona.

"Anashuka," nikasema. "Hapo yuko kwenye kamba, anashuka shimoni. Hapo amesimama, anasikiliza matimba, yale magogo yanayoshika paa. Ukisikia gogo linalia kidogo, hutikisiki, unangoja liamue. Hilo ndilo lililolia sasa. Ameendelea. Sasa yuko chini kabisa, anagonga mwamba, gumba hilo, unasikia? Na juu huku, uzi huu mwembamba, ni mwanga mdomoni mwa shimo. Unakuwa mdogo kama sarafu. Kila mara anautazama kwanza, ndipo agonge tena."

Nilipoisikia sauti yangu ilikuwa imekwisha kutoka yote.

Mama mkwe alivuta kanga akajifunika kichwa mpaka kwenye paji. Mikono yake ikatulia mapajani. Nikajua amenijua. Nikangoja asimame, aite watu, au aanguke. Mpigaji alikuwa bado chini kule na nyundo yake.

"Endelea, mura," akasema taratibu, uso umetazama mbele. "Mimi sioni."

Nikaendelea. Nilimsimulia mpaka mtu yule akapandishwa juu, na kwa hakika alipandishwa, maana mwisho wa wimbo ule uzi mwembamba ulifunguka ukawa mpana, na mgeni akainua mkono akauacha hewani. Mama mkwe alipiga kigelegele kabla ya mtu yeyote. Kigelegele cha mwanamke mzee kina nguvu kuliko spika zangu, na mimi nalisema hilo nikiwa nazijua spika zangu. Mhispania alisimama akamwinamia, yeye hasa, ingawa mama hakumwona.

Watu walipoanza kunyanyuka, mama mkwe akasema bila kugeuka, "Yale ya choo nilimwambia mtu mwingine."

"Ndiyo, mama. Aliondoka zamani."

Mke wangu alitokea mlangoni na chupa ya dawa. Alituona. Aliweka mkono mdomoni, mimi nikapitia dirishani, suruali na vumbi, umri wangu huu. Watoto walishangilia kuliko walivyomshangilia mpiga gitaa.

Jioni ile nilimweleza mke wangu kwenye lori.

"Mwambie mama yako aje wiki ijayo. Atakuta nyumba yake. Mlango wake, geti lake linalotokea uchochoro wa nyuma, choo chake nje. Ukuta katikati. Mimi hatanisikia hata nikipiga chafya."

"Wiki moja, Baba Watoto?"

"Mimi nasimamisha hema la watu mia tano kabla chai haijachemka."

Akacheka peke yake. "Kwa hiyo mmekaa benchi moja."

"Usitangaze."

Ilikwisha kutangazwa. Shemeji yangu mkubwa alinipigia kutoka Nyansurura kabla sijafika nyumbani.

"Shemeji, ni kweli umekaa na mama? Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nasikiliza gitaa."

"Gitaa! Wanaume wengine wanasingizia pombe, wewe gitaa. Lete mbuzi tuyamalize. Dume, tena anayeona."

Nikapeleka mbuzi. Nikaita fundi, tukaanza kesho yake. Fundi alishangaa ukuta. "Mzee, unajizibia uani kwako mwenyewe?" Nikamwambia afanye kazi. Chumba kimoja, dirisha la mashariki, choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na geti dogo la chuma. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri alipoletwa.

Walimpasua jicho la kulia. Siku walipofungua bandeji mimi nilikuwa kazini, kwa makusudi. Nilirudi jioni, nikakaa uani upande wangu, nikamsikia ng'ambo ya ukuta akimwita mke wangu.

"Hii nyumba ya mume wako mmeipaka waridi?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliwadanganya?" Kisha, baada ya muda, "Na wewe umeanza mvi. Njoo hapa kwenye mwanga. Njoo nikuone."

Nikasikia kandambili za mke wangu zinakimbia. Sikusikia maneno mengine. Nilikaa pale nikakohoa mara moja ili wajue nipo, nao wakanyamaza kidogo kwa adabu, kisha wakaendelea.

Madaktari wameahidi kurudi kwa jicho la kushoto, naye mama mkwe ameacha blanketi lake, ila ufunguo wa geti amekwenda nao Nyansurura, akaagiza nisithubutu kuhifadhi viti mle ndani. Sijathubutu. Wanaonifahamu huniuliza kiingilio cha kumsikiliza Mhispania kilikuwa kiasi gani, nami nawaambia kilikuwa bure. Ukijumlisha matofali, saruji, bati, shimo la choo, geti, fundi na yule mbuzi dume, bure hiyo ilinigharimu shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu kumi na saba na mia tano.